Mayai ya kobe si ya kuku: Ukiyageuza umeyaua

Kobe wako amepoteza hamu ya kula, anakwaruza kioo cha tangi usiku kucha na akitolewa nje anachimba kwa miguu ya nyuma. Usikimbilie dawa. Kama ni jike, huenda anatafuta pa kutaga.

Hapa tunamzungumzia kobe wa majini mwenye mistari mekundu kando ya macho, asili yake Marekani, anayefugwa sana duniani. Yule uliyemwokota porini Kajiado ukienda shagz ni habari nyingine: Sheria ya Wanyamapori ya 2013 hairuhusu kufuga mnyamapori bila kibali cha KWS. Hata huyu wa dukani, ulizia kwanza kibali chake.

Haya, turudi kwa jike. Mwekee beseni la mchanga wenye unyevu, wa kina cha kumtosha kuchimba. Akikosa, atayaachia mayai majini na yatakufa, au yamkwame tumboni, na hapo ni daktari wa mifugo tu. Usishangae akitaga bila dume kuwa karibu. Jike huweza kuhifadhi mbegu kwa muda mrefu. Pia hutaga mayai yasiyo na kitu.

Sasa, hapa ndipo wengi huharibu. Yai la kobe halina zile kamba zinazoshikilia kiini kama la kuku. Ndani ya siku moja hivi kijusi hujishika kwenye ganda la juu, na ukiligeuza baadaye unaweza kukiua. Kwa hivyo kabla ya kulitoa, weka alama juu kwa penseli, kisha lisogeze vivyo hivyo lilivyolala. Na tafadhali, usikope mashine ya jirani anayeangua vifaranga! Hiyo hugeuza mayai na joto lake ni nyuzi 37.5. Utakuwa unayachemsha.

Tumia kontena la plastiki lenye matundu machache, mchanga au vemikulaiti iliyoloa bila kuchuruzika, na kipimajoto unachokiamini. Joto ndilo huamua jinsia: karibu nyuzi 26 utapata madume, 31 majike, na katikati, kama 29, mchanganyiko. Stima ikipotea usiku mmoja, tulia. Baridi kidogo huchelewesha tu. Joto kali ndilo muuaji.

Ngoja miezi miwili hadi mitatu. Mtoto akishatoboa ganda anaweza kukaa humo siku nzima au zaidi akimalizia kiini kilichobaki tumboni. Usimvute! Akitoka na kifuko hicho, mlaze juu ya tishu yenye unyevu hadi kiishe, ndipo umtie kwenye maji ya kina kifupi.

Nawa mikono kwa sabuni kila ukimgusa, kwani kobe hubeba salmonella. Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa wale wadogo chini ya sentimita 10 mwaka wa 1975, maana watoto waliwatia mdomoni. Wakikuzidi idadi, usiwamwage mtoni wala bwawani. Huyu kobe yumo kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 wabaya zaidi duniani, na anaweza kuishi zaidi ya miaka 20.