Je, Kilichowekwa Kwenye Intaneti Hubaki?

Mara nyingi tunapomuuliza mmoja wenu daftari lake liko wapi hutujibu, "Mwalimu, notsi zangu zote zimo kwenye simu." Katika kurasa hizi tumeona ni vyema tulieleze jibu hilo, maana mara nyingi notsi hizo hazimo kwenye simu hata kidogo.

Watu wengi hudhani kuwa intaneti ni kitu kilichotanda hewani. Sivyo. Kila ukurasa na kila picha imehifadhiwa ndani ya kompyuta iitwayo seva, iliyo katika jengo fulani, nchi fulani, inayokula umeme na yenye mwenyewe anayeilipia. Siku mwenyewe akiamua kuizima, vilivyomo huondoka navyo. Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN huko Geneva, Uswisi, alipopendekeza mfumo wa tovuti mwaka 1989, hakuuwekea ghala la kutunza kurasa za jana. Ukurasa ukiondolewa, kiungo chake hubaki kinakuelekeza kwenye nyumba iliyokwisha bomolewa.

Na zilizobomolewa ni nyingi. Mwaka 2024 taasisi ya utafiti ya Pew ya Marekani ilitangaza kuwa, katika kurasa ilizozichunguza za mwaka 2013, asilimia 38 hazikupatikana tena baada ya miaka kumi. Kabla ya hapo, GeoCities, mahali ambapo mamilioni ya watu wa kawaida walijifunza kutengeneza tovuti zao za kwanza, palifungwa na Yahoo mnamo Oktoba 2009, na watu wa kujitolea wakabaki kukimbizana na siku ili wanakili walichoweza. Ama MySpace, hiyo ilikiri mwaka 2019 kuwa imepoteza nyimbo zilizowekwa na watumiaji wake kwa muda wa miaka 12 wakati wa kuhamisha seva. Hakuna aliyekusudia kuzifuta. Zilipotea tu, kama mzigo unavyopotea wakati wa kuhama nyumba.

Lakini kisa tunachotaka mkizingatie zaidi ni cha mwanafunzi mwenzenu. Mnamo Julai 2009 kampuni ya Amazon iligundua kuwa vitabu fulani vya George Orwell viliuzwa dukani mwake na mtu asiyekuwa na haki ya kuviuza. Kampuni ikavifuta ndani ya vifaa vya Kindle vya wanunuzi, wao wakiwa majumbani mwao, kisha ikawarudishia fedha. Miongoni mwao alikuwa kijana wa sekondari wa jimbo la Michigan, aliyekuwa akisoma kimojawapo kwa ajili ya shule na ameandika maelezo yake humo humo. Maelezo yalibaki, lakini kitabu yaliyokuwa yakikifafanua hakikuwepo tena, kwa hiyo hayakumfaa kitu. Alishtaki, na shauri likaisha kwa makubaliano ya dola 150,000. Mkuu wa kampuni, Jeff Bezos, aliomba radhi hadharani.

Iliwezekanaje? Kwa sababu anayebonyeza neno "nunua" katika maduka ya namna hiyo aghalabu hanunui kitabu, bali hupewa idhini ya kukisoma. Waliokwisha soma mlango wa biashara watatambua mara moja tofauti ya kuuziwa na kukodishiwa. Microsoft nayo ilipofunga duka lake la vitabu mwaka 2019, vitabu vyote vilivyonunuliwa humo viliacha kusomeka kuanzia Julai mwaka huo. Fedha zilirejeshwa, na walioandika maelezo yao vitabuni waliongezewa dola 25. Sisi tunaona kuwa dola 25 ni bei ya ajabu kwa fikra za mtu!

Msidhani mambo haya ni ya Marekani tu. Wazazi wenu wengi walianza WhatsApp kwenye simu ndogo za Nokia zenye vitufe. Huduma hiyo iliachwa katika aina moja ya simu hizo katikati ya mwaka 2017, na katika nyingine mwishoni mwa 2018. Mzazi aliyenunua simu mpya hakuweza kuyahamisha mazungumzo yake ya zamani kwa urahisi. Aidha, tangu Desemba 2023 Google imejipa ruhusa ya kufuta akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka 2, pamoja na barua na picha zake. Fikirini akaunti ya jamaa aliyefariki ambayo hakuna anayejua neno lake la siri.

Wapo wanaojitahidi kuhifadhi. Brewster Kahle alianzisha Internet Archive huko San Francisco mwaka 1996, inayonakili kurasa za dunia, na mwaka 2002 nakala ya hazina hiyo iliwekwa katika maktaba mpya ya Alexandria, Misri. Hata hivyo, Oktoba 2024 wadukuzi waliivamia na ikawa haipatikani kwa siku kadhaa. Ghala moja halitoshi.

Kwa hiyo notsi zenu ziwe mahali pawili au zaidi, na pamoja pasitegemee neno la siri: daftari, karatasi iliyochapishwa, au flashi iliyo kabatini. Flashi nayo huharibika, basi ijaribuni mara kwa mara.

Jambo la mwisho linatuhusu sote. Darsa nyingi za waalimu wetu wa zamani zilirekodiwa na wanafunzi kwa simu, na baadhi yake hazipo popote isipokuwa katika simu hizo, nyingine zikiwa zimepasuka kioo na kutupwa droo. Mwenye nazo, au mwenye kaka aliyesoma hapa zamani, azilete ofisini siku yoyote baada ya Laasiri hata kama simu haiwaki. Aje na chaja yake, maana chaja za simu hizo tumezitafuta madukani hatukuzipata.