Mantiki ya Mpangilio katika Utaratibu wa Kikorea wa Kutunza Ngozi Nyumbani

Nje ya Korea Kusini, utaratibu wa Kikorea wa kutunza ngozi hufahamika zaidi kwa idadi ya hatua zake, ambazo mara nyingi hutajwa kuwa kumi. Hata hivyo, kiini chake si idadi bali mpangilio.

Jioni, uso husafishwa mara mbili. Kwanza hupakwa mafuta ya kusafishia, ambayo huyeyusha vipodozi, krimu ya kukinga jua na mafuta ya ngozi yenyewe, kwa kuwa vitu hivyo haviondoki vyema kwa maji pekee. Kisha hutumika sabuni laini ya uso ili kuondoa jasho na mabaki. Baada ya hapo, vipodozi hupakwa kuanzia chepesi hadi kizito: tona, seramu, kisha krimu. Krimu ikitangulia, utando wake huzuia vimiminika vinavyofuata kupenya.

Asubuhi, hatua ya mwisho ni krimu ya kukinga jua. Kiwango cha kinga kinachoandikwa kwenye chupa hupimwa kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba. Hivyo, anayepaka kidogo hapati kinga iliyoandikwa.

Aidha, kuifanya idadi kuwa lengo kuna madhara. Kusugua na kupaka asidi za kuondoa seli zilizokufa kupita kiasi hudhoofisha tabaka la nje la ngozi. Kwa hiyo, ngozi ikianza kuwasha au kuchonyota, zinazostahili kubaki ni hatua tatu: kusafisha kwa upole, kulainisha na kukinga jua.