Aya kama Kipimo cha Mtiririko: Kuongeza Kasi ya Seva Wakala Inayopachika Fasili katika Kurasa za Kiswahili

1.0 Utangulizi

Makala haya yanaeleza jinsi seva wakala inayobadilisha kurasa za wavuti wakati zikipita inavyoweza kuongezewa kasi bila kuharibu kazi iliyoundiwa. Seva inayozungumziwa ilitengenezwa na mwandishi kwa ajili ya utafiti wake wa shahada ya uzamivu katika leksikografia. Msomaji huipa anwani ya ukurasa wa Kiswahili. Seva huuchukua ukurasa huo kutoka kwenye chanzo chake, huchanganua kila neno, hulipachikia fasili ya kidahizo chake, kisha humpelekea msomaji. Akigusa neno *walipotuandikia*, huona kitomeo cha *andika*. Viungo vilivyomo navyo hubadilishwa ili ukurasa unaofuata upitie njia hiyo hiyo.

Umbo la kwanza la seva hii lilikuwa la polepole kiasi cha kuwakimbiza wasomaji waliokusudiwa. Wanafunzi waliojitolea kuijaribu walifungua ukurasa, wakatazama kioo kitupu, kisha wakarudi kwenye ukurasa halisi usio na fasili. Utafiti wenyewe unataka kujua ni vidahizo gani ambavyo msomaji huvitafuta anaposoma kwa hiari yake. Msomaji akiondoka, data haipo. Kwa sababu hiyo suala la kasi, ambalo katika pendekezo la utafiti lilitajwa kwa sentensi moja tu, limelazimika kupewa nafasi yake.

2.0 Muda ulikopotea

Dhana ya awali ya mwandishi ilikuwa kwamba lawama ni ya kichanganuzi cha mofolojia. Dhana hiyo ilionekana ya haki: Kiswahili ni lugha ambishi-bainishi, na neno kama *aliyemwambia* huhitaji kuvuliwa viambishi vinne kabla ya kufika kwenye *ambia*. Wiki kadhaa zilitumika kuandika upya kanuni za kuchopoa viambishi. Kichanganuzi kikawa chepesi zaidi, na wasomaji hawakuona tofauti yoyote. Ni pale tu saa ilipowekwa katika kila hatua, kuanzia ombi linapopokelewa hadi baiti ya mwisho inapoondoka, ndipo ilipodhihirika kwamba kichakataji kilikaa bure sehemu kubwa ya muda. Hakikuwa kinafanya kazi polepole, kilikuwa kinasubiri.

Kusubiri huko kuna hesabu inayoweza kufanywa kwa karatasi na kalamu. Tuchukulie kwamba safari moja ya kwenda na kurudi kati ya seva wakala na seva ya chanzo iliyo bara jingine huchukua milisekunde 200. Kufungua muunganisho wa TCP huchukua safari moja. Kukubaliana funguo za usimbaji fiche kwa TLS 1.3, toleo la mwaka 2018, huchukua safari nyingine, na kwa TLS 1.2 huchukua mbili. Ombi lenyewe na mwanzo wa jibu lake huchukua safari ya tatu. Kwa hiyo milisekunde 600 hupita kabla ya baiti ya kwanza ya ukurasa kuonekana, hata kabla ya kuhesabu muda wa kutafuta jina la tovuti. Seva ya mwandishi ilikuwa ikifungua muunganisho mpya kwa kila ombi na kuufunga baada ya jibu, ilhali HTTP 1.1, iliyochapishwa kwanza mwaka 1997, huuchukulia muunganisho kuwa wa kudumu isipokuwa upande mmoja utamke vinginevyo. Miunganisho ilipowekwa katika bwawa na kutumiwa tena, ukurasa wa pili wa tovuti ile ile ulihitaji safari moja badala ya tatu.

Kosa la pili lilihusu picha. Ili viungo vyote vipite kwenye seva wakala, msimbo wa awali ulibadilisha anwani za picha na mitindo pia, ingawa vitu hivyo havina neno la kufasiliwa. Sasa anwani hizo hukamilishwa tu, yaani anwani fupi inayotegemea ukurasa hugeuzwa kuwa anwani kamili ya chanzo, na kivinjari huzifuata chenyewe.

La tatu lilihusu ubanaji. Kwa kuwa maandishi yaliyobanwa hayasomeki, seva wakala iliiomba seva ya chanzo ipeleke ukurasa bila kuubana, na yenyewe ikampelekea msomaji hivyo hivyo. Njia ndefu ikabebeshwa mzigo mara mbili. Ubanaji wa gzip, hata hivyo, hauhitaji faili zima lifike ndipo lifunguliwe. Algoriti yake hurejelea maandishi yaliyotangulia kwa umbali usiozidi kilobaiti 32, hivyo ukurasa unaweza kufunguliwa kadiri unavyofika na kubanwa tena kadiri unavyoondoka.

3.0 Mtiririko na mipaka ya maneno

Hoja hiyo ya mwisho ndiyo inayofungua kiini cha makala haya. Seva ya awali ilikusanya ukurasa wote, ikaubadilisha, kisha ikautuma. Njia iliyo wazi ya kuondoa kusubiri ni kubadilisha kila kipande kinapofika na kukiachilia mara moja, ili kivinjari kianze kuchora sehemu ya juu wakati sehemu ya chini ikiwa bado njiani. Kichwa cha ujumbe kinachotaja urefu wa ukurasa huondolewa, kwa sababu urefu mpya haujulikani mapema, na jibu hutumwa kwa mafungu. Mtu anayebadilisha rangi za ukurasa anaweza kuishia hapo. Anayeshughulika na maneno hawezi.

Sababu ni kwamba mtandao haujui neno linaishia wapi. Kipande cha data hukatika popote. Neno *mwananchi* likikatwa katikati, kipande kimoja huishia na *mwana* na kinachofuata huanza na *nchi*. Yote mawili ni vidahizo halali, hivyo kichanganuzi huvifasili bila kulalamika. Neno *shuleni* hugeuka kuwa *shule* na *ni*, na kiambishi cha mahali kikapewa fasili ya kitenzi kishirikishi. Kosa la aina hii ni baya kuliko programu kusimama, kwa kuwa halionekani. Ukurasa huonekana mzuri, msomaji hupewa maana isiyo yake, na kumbukumbu za utafiti husajili kwamba ametafuta *nchi*. Isitoshe, kosa halijirudii: ukurasa ule ule ukifunguliwa tena hukatika mahali pengine. Mwandishi aliligundua kwa bahati, alipokuwa akisoma habari ya uchaguzi iliyojaa wananchi.

Suluhisho la kwanza lilikuwa kubakiza mkia: kila kipande kikifika, sehemu inayoanzia baada ya nafasi tupu ya mwisho huzuiliwa na kuunganishwa na kipande kijacho. Hili liliokoa *mwananchi* lakini likafichua mengine. Neno *ng’ombe* mara nyingi huchapwa kwa alama ya ritifaa iliyopinda, ambayo katika UTF-8 ni baiti tatu. Kipande kikikatika kati ya baiti hizo, herufi huharibika kabla hata mkia haujapimwa, kwa hiyo tafsiri ya baiti kuwa herufi nayo lazima ikumbuke ilipoishia. Alama hiyo huweza pia kuandikwa kwa msimbo wa HTML unaoanza na alama ya *na* na kuishia kwa nukta mkato. Aidha, kuna semi. Katika *alipiga pasi*, fasili ya *piga* peke yake humpoteza mwanafunzi wa lugha, lakini nafasi tupu iliyo kati ya maneno hayo mawili ndiyo hasa sehemu ambayo kanuni ya mkia huiona kuwa salama kukata.

Kila tatizo lingeweza kuwekewa kiraka chake. Uamuzi uliofikiwa ni kuacha kufuata vipande vya mtandao na kufuata muundo wa maandishi yenyewe: seva huzuia maandishi hadi lebo ya kufunga aya, kichwa cha habari, kipengele cha orodha au seli ya jedwali ifike, kisha huchanganua fungu hilo kwa ujumla na kuliachilia. Neno halivuki aya. Herufi haivuki aya. Usemi hauvuki aya. Hata neno lililokolezwa wino nusu yake huonekana zima. Gharama yake ni ndogo, kwani aya ya kawaida ya gazeti ni ya kilobaiti chache, ilhali waraka wa RFC 6928 wa mwaka 2013 ulipendekeza seva iruhusiwe kutuma hadi pakiti 10, takribani kilobaiti 14, kabla ya kusubiri uthibitisho wa kwanza. Kwa kawaida aya kadhaa hufika kwa pamoja.

Kwa kurasa zisizofunga aya ipasavyo kumewekwa ukomo: fungu likizidi kilobaiti 16 hukatwa kwenye kikomo cha mwisho cha sentensi, au, kisipokuwepo, kwenye nafasi tupu. Kiwango hicho ni chaguo la mwandishi na hakidai ushahidi zaidi ya kwamba kimefaa.

Jambo moja dogo lilikaribia kubatilisha yote haya. Programu ya kubana hupenda kukusanya maandishi mengi kabla ya kutoa chochote, hivyo aya zilizokuwa tayari zilikaa ndani yake na kioo kikabaki kitupu kama zamani. Lazima iamriwe kusukuma nje ilichonacho. Amri hiyo huongeza baiti chache kila inapotolewa, hivyo hutolewa tu pale ambapo hakuna data nyingine inayosubiri kuingia.

4.0 Kache ya uchanganuzi

Baada ya kusubiri kupunguzwa, kichanganuzi sasa kilistahili kuangaliwa tena. Kama George Zipf alivyoonyesha kuhusu lugha kwa jumla, maneno machache hurudiwa mno; katika Kiswahili *na*, *ya*, *wa* na *kwa* hujitokeza karibu kila mstari. Kuhifadhi matokeo ya kila neno huondoa kazi hiyo yote ya kurudia. Vitenzi, hata hivyo, huja kwa maumbo mengi yanayoonekana mara moja tu, kwa hiyo kache ya pili huhifadhi mashina.

Kinachohifadhiwa ni chanzo cha hatari. Kache iliyoweka jibu moja la neno *paa* iliendelea kutoa fasili ya sehemu ya juu ya nyumba katika habari ya wanyama wa mbugani. Sasa huhifadhi vitomeo vyote vinavyowezekana, na uteuzi hufanywa upya ndani ya aya. Kasi kidogo imetolewa sadaka, na mwandishi haoni sababu ya kuijutia.

5.0 Yasiyoguswa

Maandishi yaliyomo ndani ya lebo za JavaScript na za mitindo hupitishwa bila kuchanganuliwa. Kurasa ambazo chanzo kimezitangaza kuwa za mtu binafsi hazihifadhiwi kabisa, hata kama kuzihifadhi kungeharakisha.

Zipo kurasa ambazo maandishi yake hayamo katika HTML inayopita, bali huundwa na JavaScript ndani ya kivinjari baada ya ukurasa kufika. Seva wakala haiyaoni. Kwa kurasa hizo hupitisha kila kitu kilivyo na kuandika katika kumbukumbu kwamba hakuna neno lililofasiliwa, ili ukimya huo usije ukahesabiwa kuwa ni wa msomaji asiyehitaji kamusi.