Siku nne Surabaya, na swali la Mama

Sikukuu ya taifa ya Imarati mwezi wa Desemba ilipoungana na wikendi, tukapata siku nne. Wenzetu wengi hapa Dubai wakisikia Indonesia wanakimbilia Bali. Mimi na Mama tukaenda Surabaya, Java ya Mashariki: kama saa nane angani mpaka Jakarta, halafu saa moja na nusu tena. Mvua ilitupokea, ndiyo msimu wake.

Sababu ilikuwa moja. Mama ni wa Mombasa, na babu yake alikuwa Mshihiri. Tangu utotoni alisikia kwamba ndugu yake babu alipanda chombo kingine, akaishia Java.

Tulifikia karibu na Ampel, mtaa unaozunguka msikiti na kaburi la Sunan Ampel, mmoja wa mawalii tisa wanaotajwa kuueneza Uislamu Java. Vichochoro vyake, wallahi, ungedhani uko Mji wa Kale: tende, tasbihi, kofia, saruni, mafuta ya kunukia. Asubuhi tulikula roti maryam, ambayo Mama alikataa katakata kuiita jina lingine ila chapati, na mchana wali wa kebuli na nyama ya mbuzi. Wauzaji ni Wajava, Wamadura na Waarabu. Si mbali ni Kembang Jepun, mtaa wa Wachina, na ukivuka Jembatan Merah, yaani Daraja Jekundu, unaingia kwenye majengo ya Waholanzi.

Kinapendeza kutazama, lakini mpangilio huo haukuja wenyewe. Waholanzi ndio waliougawa mji: Wazungu ng'ambo moja ya mto, Wachina na Waarabu ng'ambo ya pili, kila watu na mtaa wao, na kusafiri mpaka uombe pasi. Na Waarabu wenyewe nao waligawana. Aliyetoka Hadhramaut aliitwa wulaiti. Aliyezaliwa Java, mara nyingi kwa mama wa huko, aliitwa muwallad.

Hapo ndipo nilipomjua A.R. Baswedan. Alizaliwa Ampel mwaka 1908. Mwaka 1934 alichapisha gazetini picha yake akiwa amevaa kilemba cha Kijava, watu wakashtuka. Oktoba mwaka huo, mjini Semarang, yeye na vijana wenzake waliapa kwamba nchi ya muwallad ni Indonesia, si Hadhramaut. Nchi ilipopata uhuru akawa naibu waziri wa habari, na mwaka 2018 akatangazwa shujaa wa taifa.

Siku ya tatu tuliingia duka la manukato. Mwenyewe mzee, Kiarabu chake cha kuokoteza kama changu. Mama alipotaja ukoo wa babu yake, mzee akacheka, akaagiza chai. Ukoo anaujua, uko mitaa miwili kutoka pale. Kama ni damu yetu hasa hakuna aliyeweza kusema, na Mama hakuudhika.

Nikamuuliza, "Ammi, umewahi kwenda Hadhramaut?"

"Nikafanye nini?" akasema. "Makaburi yetu yako hapa."

Tulirudi hotelini kwa miguu, mvua imekatika. Mama kimya, mpaka tulipofika mlangoni.

"Na siye je, mwanangu? Babu yako kalala Mombasa. Baba yako kalala Dubai. Mimi mtanipeleka wapi?"

Sikuwa na jibu. Nimezaliwa Dubai, nimesoma Dubai, nina miaka 34, na ukaazi wangu unasimama juu ya mkataba wa kazi. Baswedan alikuwa na nchi ya kuiapia. Mimi nikiapa leo, nani atanipokea?

Nikamwambia, "Mama, utachagua wewe."

"Basi tuanze kulizungumza," akasema, "maana babako hakuulizwa."

Tumeanza. Kila Ijumaa baada ya chakula, yeye, mimi na dada yangu. Bado hatujakubaliana.