Nguo za Kumpokelea Mtoto: Nzito Moja au Nyepesi Nyingi?

Baridi ya Hasamba katika mwezi wa Juni na Julai tunaijua sisi tunaoamka alfajiri kuwasha moto. Si ajabu basi kwamba mama mjamzito akifikisha mwezi wa saba huanza kuulizia blanketi. Analolitaka mara nyingi ni lile nene la manyoya, lenye picha ya dubu, linalotundikwa mbele ya maduka kule Tunduma.

Sisi pia tulilinunua. Mmoja wetu alijinyima mwezi mzima ili alipate. Mtoto alipozaliwa alivikwa sweta, kofia na soksi, kisha akaviringishwa ndani ya blanketi lile. Ilipofika saa sita mchana, jua limeshapanda, alikuwa ametota jasho, shingo imejaa vipele, analia bila kunyamaza. Usiku alilikojolea, na la pili hapakuwa. Kwa uzito wake lilikaa kambani siku mbili bila kukauka.

Tangu hapo tumeafikiana kwamba fedha ile ile ni heri inunue doti tatu za khanga, yaani vipande sita, na blanketi moja jepesi la pamba. Nguo mbili tatu nyepesi zikipandana hushika hewa katikati yake, na hewa hiyo ndiyo inayotunza joto. Tena hapa kwetu asubuhi ni baridi na mchana ni joto, kwa hiyo mama anahitaji nguo anayoweza kuipunguza na kuiongeza. Blanketi nene halipunguziki.

Lakini si kila khanga ni pamba, wala si kila kitenge kinachovuka mpaka kutoka Nakonde. Chomoa uzi mmoja pembeni, uuchome mbali na mtoto. Uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini; ule wa plastiki huyeyuka na kuganda kama kishanga kigumu. Hiyo ya plastiki jifunge mwenyewe uendee sokoni, usimfunge mtoto, maana hainyonyi jasho. Nguo mpya ifue mara mbili kabla ya kujifungua ili wanga na rangi ya ziada vitoke.

Vipande hivyo sita havikai bure. Kimoja cha kumpokelea na kumkaushia mara anapozaliwa, kingine kikavu cha kumfunika. Cha tatu ni mbeleko. Kuna cha kutandika chini ya mwavuli wa mbuni wakati wa kuchuma kahawa, na cha kujisitiri unaponyonyesha ndani ya basi. Watu wa pwani waliithamini nguo hii kiasi kwamba mkaja na mbeleko vilitajwa katika mahari, kama haki ya mama aliyemzaa na kumlea bibi harusi.

Khanga hufanya kazi kubwa zaidi mtoto anapozaliwa na uzito mdogo. Huyo blanketi peke yake halimtoshi, kwa sababu hana joto la kutosha la kulitunza. Awekwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, kisha afungwe hapo kwa khanga. Njia hii ilianzia Colombia mwishoni mwa miaka ya 1970, hospitali ilipopungukiwa na mashine za kuwatunzia watoto njiti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania, ulionyesha kwamba watoto wenye uzito chini ya kilo 1.8 wakianza kuwekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, bila kungoja, vifo vyao hupungua kwa robo.

Sasa tuje kwenye kufunga, maana hapa ndipo sisi na bibi zetu tunapobishana kidogo. Bibi hupenda kuinyoosha miguu ya mtoto na kuikaza ili isije ikapinda. Matege hayaji kwa sababu hiyo, na kukaza kunaweza kutegua nyonga. Japani walifundishana tangu mwaka 1975 kuacha kuinyoosha miguu ya watoto wachanga, na watoto wenye nyonga zilizoteguka wakapungua sana. Mfunge kifuani kwa wastani, chini umwachie nafasi ya kukunja magoti na kuyatanua kama chura. Bibi huyo huyo anapombeba mjukuu mgongoni, miguu imeachana, anafanya sawasawa kabisa!

Usiku mlaze chali, uso wazi, nguo isipite mabega. Akianza kujaribu kugeuka, acha kumviringisha. Na tafadhali, jiko la mkaa lisiingie chumbani kumtia joto. Moshi wake usioonekana umeua watu wazima, sembuse mtoto.

Utajuaje kama zimetosha? Viganja hudanganya. Shika tumbo na nyayo. Tumbo likiwa na joto na nyayo baridi, ongeza nguo moja. Shingo ikiwa na jasho, punguza. Vyote viwili vikiwa baridi, mweke kifuani papo hapo na umpeleke zahanati akiwa hapo hapo kifuani.

Jambo moja la kufua. Yuko nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa, hasa majanini na kivulini, na funza wake huingia ndani ya ngozi ya mtoto na kuvimba kama jipu. Anika juani kwenye kamba, kisha piga pasi ya moto pande zote, hata kwenye pindo. Khanga sita hupigwa pasi kwa mkaa wa mara moja.

Lile blanketi la dubu bado lipo. Analilalia kaka mtu, ana miaka mitano, na hataki kusikia habari ya kuligawa.