Nani Alisema Mwisho?

Simu iliingia saa mbili usiku, na aliyepiga alikuwa ameshasakinisha mfumo mara tatu tangu mchana. "Kaka, hii seva imekufa. Nikisakinisha inakubali, inafika asilimia mia, inaniambia niiwashe upya. Nikiiwasha, hakuna kitu." Nilimuuliza ilisema nini kabla ya kunyamaza. Akajibu haikusema kitu. Nikamwambia aizime, aiwashe, akae mbele ya skrini bila kugusa kibodi, na anisomee kila kinachopita.

Likapita jina la mtengenezaji. Ikapita hesabu ya kumbukumbu. Kadi ya diski ikajitaja, ikataja na diski zake mbili. Kisha ukabaki mstari mmoja: "No bootable device." Huo si ukimya hata kidogo. Mashine ilikuwa inalalamika, tena kwa sauti, kwamba imepita diski moja baada ya nyingine na haikukuta wa kumkabidhi kazi.

Mafundi wengi chipukizi huusoma mstari huo kama cheti cha kifo, kisha hurudi kusakinisha upya. Mimi mwenyewe nimeufanya ujinga huo kwa miaka kadhaa. Kusakinisha upya kunatuliza moyo kwa sababu mstari wa asilimia unasogea na wewe unajiona unafanya kazi. Ila kama kosa liko kwenye mpangilio wa mashine, utalisakinisha mara ishirini na litakusubiri palepale.

Seva ikiwaka, wenyeji wake huamshana kama nyumba inavyoamshana kula daku. Mwenye saa humwamsha mama, mama humwamsha binti mkubwa, naye huwaamsha wadogo. Mdogo akipitiwa hadi adhana ya alfajiri, hakuna anayemlaumu yeye; huulizwa aliyekuwa macho wa mwisho ni nani. Ndani ya seva mwenye saa ni programu iliyochomwa kwenye chipu ya ubao mama, yaani bayosi au mrithi wake, UEFI. Huyo humwamsha kipakizi, ambacho kwenye Linux mara nyingi ni GRUB. GRUB hubeba kerneli na kuiweka kwenye kumbukumbu pamoja na kifurushi kidogo cha draiva kiitwacho initramfs. Kerneli huifungua diski halisi, kisha huanzisha systemd, ambayo huita huduma zilizobaki. Kila mmoja ana lafudhi yake. Ukiyazoea maandishi yao utajua nani anazungumza hata kabla hujasoma anachosema, na sehemu kubwa ya uchunguzi itakuwa imekwisha.

Usiku ule aliyesema mwisho alikuwa mwenye saa. Kipakizi hakikuwahi kufungua mdomo, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kuichunguza Linux yenyewe. Nikamuuliza swali la pili: alipochagua flashi kwenye menyu ya kuwashia, aliiona mara moja au mara mbili? Akafikiri kidogo. "Mara mbili. Moja ilianza na neno UEFI." Alikuwa amechagua hiyo, bila sababu, kwa kuwa ilikuwa juu.

Bayosi, ya tangu IBM PC ya mwaka 1981, haijui faili ni nini. Husoma sekta ya kwanza ya diski, baiti 512 basi, na kuendesha kilichomo. Kati ya baiti hizo, 446 ni za msimbo, 64 ni za orodha ya patisheni nne, na mbili za mwisho ni saini inayothibitisha kwamba hapa pana kitu. UEFI, ambayo jumuiya inayoisimamia iliundwa mwaka 2005, haihitaji msimbo wa sekta hiyo. Inajua kusoma mfumo wa faili wa FAT, hivyo huenda moja kwa moja kwenye patisheni maalumu na kutafuta faili ya kipakizi humo, kwa mfano BOOTX64.EFI. Ni milango miwili ya nyumba moja. Programu ya usakinishaji huweka ufunguo kwenye mlango ilioingilia. Kijana aliingia kwa mlango wa UEFI, ikamwekea kila kitu huko. Lakini mpangilio wa kudumu wa mashine ulikuwa bado bayosi, na seva ilipowaka yenyewe ikaenda kugonga mlango mwingine.

Tiba ilichukua dakika nne. Aliingia kwenye mipangilio, akabadili hali ya kuwashia kuwa UEFI, akahifadhi, na mfumo alioulaani mchana kutwa ukaja wenyewe. Ili kujua umeingilia mlango gani huna haja ya kubahatisha: usakinishaji ukiwa unaendelea, fungua dirisha la amri na utazame kama folda ya /sys/firmware/efi ipo. Ikiwepo, uko UEFI. Isipokuwepo, uko bayosi.

Kabla sijaendelea, neno kuhusu flashi yenyewe, maana aibu nyingi huanzia hapo. Taswira ya mfumo iliyopakuliwa kwa mtandao unaokatika huweza kufika pungufu na bado ikawaka. Linganisha alama yake ya SHA-256 na ile iliyotolewa na wenye mfumo. Na ukimaliza kusakinisha, ichomoe. Nimeshaona kipakizi kimeandikwa kwenye flashi badala ya diski, na ofisi nzima ikaishi miezi na flashi imening'inia nyuma ya seva, hakuna anayejua ni ya nini, mpaka mfanyakazi alipoihitaji kubebea picha za harusi.

Akizungumza GRUB mwenyewe, hata kwa kulalamika, furahi. Mstari wa "grub rescue>" huwatisha watu, ila maana yake ni kwamba mwenye saa ameshamaliza zamu yake salama, na GRUB ameamka nusu: yupo, lakini hazioni faili zake nyingine. Ukiandika ls atakuonyesha diski na patisheni anazoziona. Kama ile yenye /boot haimo, huenda mpangilio wa diski kwenye kadi ya RAID umebadilika, au GRUB alisakinishwa huku flashi ikiwa imehesabiwa diski ya kwanza.

Kuna lalamiko lake moja ninalolipenda kwa uwazi wake: anasema amejaribu kusoma nje ya diski. Hili hutokea kwenye seva za zamani zenye diski kubwa. Orodha ya patisheni ya zamani hutumia namba za biti 32 kuhesabu sekta za baiti 512, kwa hiyo ukomo wake ni terabaiti 2 na kidogo, na baadhi ya bayosi hukwama hata kabla ya hapo. Diski nne za terabaiti 4 zikiunganishwa kuwa moja, /boot ikiangukia mbali, bayosi haiwezi kuifikia. Weka /boot ndogo mwanzoni kabisa mwa diski, tumia orodha mpya ya GPT, na kama mashine inawaka kwa bayosi ongeza patisheni ya megabaiti 1 ya kumhifadhi GRUB. Wengi huiruka kwa kuwa ni ndogo mno kuonekana muhimu.

Kwa wanaounganisha diski mbili ziakisiane kwa programu, mfumo wenyewe huakisiwa vizuri, lakini mara nyingi kipakizi huandikwa kwenye diski ya kwanza peke yake. Ikifa ya pili, hakuna anayejua. Ikifa ya kwanza, data yote ipo na seva haiwaki. Siku ya kusakinisha, kabla hujaweka chochote cha maana, chomoa diski moja na uwashe. Kisha irudishe, subiri zilingane, uchomoe nyingine.

Sasa tuingie pale panaponichukulia muda kuliko pengine pote. GRUB ametoa menyu, kerneli imepakiwa, maandishi yamekimbia, kisha baada ya dakika mbili au tatu za kungoja unatupwa kwenye mstari wa "dracut:/#" ukiambiwa diski kuu haipo. Haipo vipi, na kerneli imetoka humohumo? Jibu ni kwamba GRUB kwa kawaida hatumii draiva ya kadi ya diski. Akitaka kusoma, humwomba bayosi au UEFI amsomee. Kerneli ikishashika usukani, msaada huo hauitumikii tena; inahitaji draiva yake yenyewe, na isipokuwa nayo, diski iliyoibeba sekunde chache zilizopita inakuwa ngeni kwake.

Kisa kinachofahamika ni cha Red Hat Enterprise Linux 8, iliyotoka mwaka 2019. Kerneli yake iliacha kutambua kadi nyingi za zamani, zikiwemo zilizojengwa juu ya chipu ya SAS2008, kama PERC H200 iliyokuwa ikifungwa kwenye seva za Dell za kizazi cha 11. Kadi ni nzima, diski ni nzima, bayosi inaziona. Unafika kwenye ukurasa wa kuchagua diski na orodha ni tupu. Huku kwetu, ambako ofisi nyingi hununua seva zilizokwishatumika ng'ambo, ukurasa huo mtupu umewafanya watu watupe kadi nzima. Mradi wa ELRepo hutoa diski za draiva zinazopakiwa mwanzoni mwa usakinishaji kwa neno inst.dd. Ulinzi wa Secure Boot ukiwa umewashwa, draiva hiyo itakataliwa mpaka ufunguo wao usajiliwe kwenye mashine. Mimi kwa seva ya ofisi siipendi njia hii, kwa kuwa toleo dogo linalofuata likija unaweza kuamka asubuhi diski imepotea tena. Afadhali mfumo ambao bado unaibeba draiva hiyo, kama Debian, au AlmaLinux ambayo kuanzia toleo la 9.4 la mwaka 2024 ilirudisha baadhi ya draiva zilizoachwa.

Mstari huohuo wa dracut una sababu nyingine ambayo tiba yake ni nyepesi. Mifumo ya familia ya Red Hat hutengeneza initramfs yenye draiva za mashine iliyosakinishiwa tu. Ukihamisha diski kwenda seva nyingine, kifurushi hakina draiva za huko. Washa upya, chagua mstari wa uokoaji chini ya menyu ya GRUB, ambao hubeba draiva za kila aina, na ukishaingia tengeneza kifurushi upya kwa dracut.

Wakati mwingine diski zinapatikana, kila kitu kinaelekea kuwaka, halafu kerneli inapiga ukelele wa "Kernel panic". Usiukimbilie mstari huo; rudi juu yake kidogo. Kwenye seva kuukuu utakuta glibc imeandika kwamba prosesa haiauni x86-64-v2. Hicho ndicho kiwango cha chini cha Red Hat 9, na prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha Nehalem cha 2008 hazikifikii. Red Hat 10 imepanda hadi v3, inayodai uwezo ulioingia kwenye prosesa za Intel na kizazi cha Haswell cha 2013. Tahadhari ya wanunuzi: "v2" iliyo kwenye jina la Xeon E5-2600 v2 haihusiani na hiyo. Prosesa hiyo inaendesha toleo la 9 bila shida na inagomea la 10. Hapa hakuna tiba ya mipangilio. Chagua toleo linaloendana na chuma ulichonacho.

Skrini nyeusi baada ya kerneli kuanza huwa mara nyingi ni ugomvi wa picha. Jaribu kuifikia seva kwa mtandao kutoka kompyuta nyingine kabla ya kuizima. Ikiitika, iko hai, na neno nomodeset kwenye mstari wa kerneli litairudishia sura. Na seva iliyokaa stoo mwaka mzima, anza na betri bapa ya CR2032 kwenye ubao mama. Ikiisha, kila umeme ukikatika mipangilio inaweza kurudi ya kiwandani, hali ya diski ikatoka RAID kwenda AHCI, na saa ikarudi miaka nyuma hadi usakinishaji wa mtandaoni ukatae vyeti vya usalama kwa kudai bado havijaanza kutumika.

Yote haya yanadai uyaone maandishi, na mifumo ya leo huyaficha nyuma ya nembo. Kwenye menyu ya GRUB bonyeza herufi e, tafuta mstari unaoanza na neno linux, futa rhgb na quiet, kisha Ctrl na X. Mabadiliko hayo ni ya safari hiyo moja tu. Yakipita mbio kuliko macho, yarekodi kwa simu.

Kijana yule siku hizi hanipigii usiku. Juzi alinitumia video ya sekunde 40 ya skrini ya seva nyingine, na chini yake ameandika: "Simamisha kwenye 31, kaka. GRUB kapita, kerneli imepita, aliyenyamaza ni kadi ya diski. Nimeshaagiza nyingine."