Kabureta imetoka ovahol lakini gari linazubaa? Kagua pampu hii kwanza

Umechukua Beetle yako ya zamani gereji. Kabureta imefunguliwa, imeoshwa, imefungwa vifaa vipya. Likiwa limesimama, gari linaunguruma safi kabisa. Lakini unafika kwenye makutano, unakanyaga mafuta uwahi kupita, na gari linazubaa, linakohoa, halafu ndio linaondoka. Kama kuna lori linakuja, hiyo sekunde moja si ya mchezo.

Kabla hujalipia ovahol nyingine, kagua pampu ya akselereta.

Kazi yake ni nini?

Ukikanyaga mafuta ghafla, hewa inaingia kwenye injini haraka kuliko petroli. Pampu inaziba pengo hilo kwa kurusha petroli kidogo kwenye koo la kabureta papo hapo. Kwenye Solex 34 PICT-3, kabureta ya Beetle nyingi za miaka ya 1970, pampu ina kiwambo cha mpira, wengine huita dayaframu, nyuma ya kifuniko cha skrubu nne ubavuni.

Pima mwenyewe

Zima injini, iache ipoe, na pasiwe na moto wala sigara karibu. Toa eya klina. Shikilia choki iwe wazi, kisha vuta kwa mkono ile nyenzo inayovutwa na waya wa mafuta, huku ukiangalia ndani. Mara mbili au tatu zinatosha, maana petroli hiyo inashuka kwenye injini.

Usichungulie injini ikiwa inawaka. Ikipiga kupitia kabureta, moto unakuja usoni.

Unatakiwa kuona mchirizi wa petroli unaotoka mara tu unapoanza kuvuta.

Umeona nini?

*Hakuna kitu.* Huenda bakuli la kabureta ni kavu kwa sababu gari limekaa. Piga stata lijae, zima, rudia. Kama bado, kiwambo kimepasuka, gasketi mpya imefunika tundu, au njia imezibwa na uchafu uliobanduka wakati wa kuosha.

*Mchirizi dhaifu au unachelewa.* Mshuku gololi ndogo ya valvu. Kazi yake ni kuzuia petroli isirudi nyuma. Ikinasa, au ikirushwa na hewa ya kompresa wakati wa kusafisha, pampu inapoteza nguvu. Kagua pia kiwambo. Fundi anapokifunga, asukume nyenzo ya pampu hadi mwisho, aishikilie hapo, ndipo akaze skrubu. Asipofanya hivyo, kiwambo kinaweza kukosa nafasi ya kusukuma petroli yote.

*Mchirizi mzuri, ila gari bado linazubaa.* Basi pampu inafanya kazi, tafuta kwingine. Angalia taimingi, gasketi za manifoldi, na kama kabureta inavuta hewa kwenye mhimili uliolika. Cheki pia distribyuta: ile ya 009 isiyotumia vakyumu inajulikana kwa kuleta tatizo hilihili ikifungwa na 34 PICT-3.

Ukirudi gereji, usiseme tu "gari linazubaa". Mwambie fundi ulichokiona ndani ya kabureta. Pengine kinachohitajika ni kiwambo kimoja au gololi moja, si kufungua kabureta nzima upya.